Kambi ya Rumangabo: ulinzi wa kambi ya jeshi wakati wa vita unatugusa namna gani sisi raia

Kila mara vita vinapoanza tena kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, kuko jina moja linalorudi kwenye habari: Rumangabo. Kambi hii iko na nini, hata kila jeshi linaitaka? Inalindwa namna gani? Na mama anayelima maharagwe pembeni yake anahusika wapi? Hapa tunaeleza kwa ufupi mambo ambayo kila mkaaji wa Kivu anafaa kujua.

Iko wapi

Rumangabo iko katika teritware ya Rutshuru, sheferi ya Bwisha, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa muji wa Goma. Ukitoka Goma unapita Kibumba, kisha Rugari, halafu unafika. Ukiendelea mbele unakuta Kalengera, Rubare, Rutshuru-centre na Kiwanja. Ni barabara ya taifa namba 2, ile inayoleta chakula Goma.

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Rumangabo kuko kambi kubwa ya jeshi, moja ya kambi kubwa za mashariki ya inchi. Pale pale kuko pia makao makuu ya mbuga ya Virunga, yenye walinzi wake wa ICCN. Walinzi wa mbuga hawako askari wa FARDC. Kazi yao ni kulinda wanyama na msitu, lakini vita haviwaache. Tarehe 24 mwezi wa ine 2020, shambulio karibu na Rumangabo liliua walinzi 12, dereva mmoja na raia 4.

Imebadilisha mikono mara ngapi

Tarehe 8 mwezi wa kumi 2008, CNDP ya Laurent Nkunda iliingia kambini na kubeba silaha na masasi mengi, kisha ikatoka. Tarehe 26 ya mwezi ule ule ikarudi, ikashika kambi pamoja na makao ya mbuga. Walinzi wa mbuga zaidi ya 50 walikimbilia msituni.

Mwezi wa saba 2012, M23 ilishika Rumangabo na kuifanya kituo chake. FARDC ikairudisha tarehe 28 mwezi wa kumi 2013, wakati jeshi lilikuwa linasonga mbele likisaidiwa na brigedi ya MONUSCO yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi.

Mwisho wa mwezi wa tano 2022, M23 ilishambulia tena, FARDC ikashikilia kambi. Lakini tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka ule, Rutshuru-centre na Kiwanja vilianguka, na Rumangabo haikukawia. Mwezi wa kwanza 2023, M23 ilikabidhi kambi kwa jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sherehe mbele ya kamera. Jeshi lile liliondoka Kongo mwezi wa kumi na mbili 2023. Mwaka 2025 M23 ilikuwa inafundishia askari wake pale pale Rumangabo.

Ukihesabu, ndani ya miaka 15 tu kambi moja imepita mikononi mwa CNDP, FARDC, M23 na jeshi la kanda.

Zamu peke yake haitoshi

Tukisikia "kulinda kambi" tunafikiria askari wa zamu kwenye bariyera, waya na mifuko ya muchanga. Hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Kambi inalindwa kwa duara tatu.

Duara ya kwanza ni ya ndani: lango, zamu ya usiku na mchana, na zaidi ya yote depo ya silaha. Depo inawekwa mbali na nyumba za kulala, na funguo hazikai kwa mtu mmoja. Kambi ikianguka, depo njo hasara kubwa zaidi, sababu bunduki na kombora zilizokuwa za kuilinda zinageuka kupiga kijiji kinachofuata. Ile ya mwezi wa kumi 2008 ilionyesha wazi: silaha za Rumangabo hazikubaki Rumangabo.

Duara ya pili ni vilima. Mwenye kushika kilima kilicho juu ya kambi anaona kila kinachofanyika ndani, na anaweza kupiga bila kukaribia lango. Ndiyo maana mapigano ya Rumangabo mara nyingi yanasikilika kwanza Rugari, Kalengera ao kwenye mashamba yaliyo pembeni ya msitu.

Duara ya tatu ni barabara. Askari anakula, anapiga masasi, anaumia. Vyote hivyo vinahitaji gari kupita. Mwezi wa tano 2022 mapigano yalifika hata Kibumba, nyuma ya kambi upande wa Goma. Mwezi wa kumi, Rutshuru ilipoanguka, kambi ikabaki bila mgongo upande wa kaskazini. Kambi isiyo na barabara ni kama nyumba yenye mlango mzuri na haina paa.

Na kuko kitu kingine kinachoshika duara zote tatu: mshahara na chakula cha askari. Askari wa zamu ambaye hajalipwa anatafuta chakula kwa raia, na raia aliyenyang'anywa mbuzi hatamwambia aliona nini usiku porini.

Kiwanja cha ndege: kulinda mpaka mbinguni

Rumangabo ni kambi ya askari wa nchi kavu. Kwa ndege za vita, jeshi la serikali lilitegemea kiwanja cha Goma na kile cha Kavumu, karibu na Bukavu. Ulinzi wa pahali kama pale ni mgumu zaidi, sababu ndege haifichwe kwenye andaki, na barabara yake ya kurukia ni ndefu, inahitaji macho kila upande.

Goma tuliona. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2023, ndege ya vita Sukhoi-25 ilipigwa na kombora kutoka upande wa Rwanda ikiwa inashuka. Kigali ilisema ndege iliingia kwenye anga yake. Tarehe 17 mwezi wa pili 2024, droni zilitupa mabomu kwenye kiwanja, na ndege za raia zikaharibika. Ukuta na askari wa lango havisaidii kitu kwa droni.

Tena kiwanja cha Goma kiko katikati ya nyumba za watu. Wazee wa Birere hawajasahau tarehe 15 mwezi wa ine 2008, ndege ya Hewa Bora ilipoangukia mtaa wao. Ile ilikuwa wakati wa kawaida. Wakati wa vita, kila bomu linalokosa kiwanja linatafuta parsele. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma na kushika kiwanja, na ndege za kawaida zikakosa njia. Kavumu ikafuata katikati ya mwezi wa pili.

Raia wanaokaa karibu

Sheria ya vita, kufuatana na mapatano ya Geneva na nyongeza zake za 1977, inaomba majeshi yafanye yote yanayowezekana ili yasiweke kambi na silaha katikati ya watu. Inakataza pia kupiga raia kwa makusudi, hata kama wanakaa mita chache kutoka kambini. Mtu anayeuza ndizi kwenye bariyera anabaki raia.

Lakini sheria na maisha havitembei pamoja. Mwaka 2022 maelfu ya watu wa Rugari, Rumangabo na Kibumba walikimbilia Kanyaruchinya, wakalala kwenye mawe ya volkano. Goma ilijisikia pia: maharagwe na mahindi ya Rutshuru yalikawia, na laini ya umeme inayotoka Matebe kuja Goma inapita kwenye eneo hilo hilo la mapigano.

Mambo ya kushika

Ukikaa karibu na kambi ao kiwanja cha ndege, ao ukirudi kijijini kisha vita:

Usiguse kombora, grenadi ao chuma usichokijua, hata kama kimekaa miaka. Usikitupie jiwe, usikichome. Rudi kwa njia uliyokuja nayo, weka alama mbali nacho, kisha uambie shefu wa kijiji ao watu wa UNMAS ao wa Msalaba Mwekundu.

Ambia watoto mambo haya mara nyingi. Mtoto anayetafuta vyuma vya kuuza njo wa kwanza kuumia.

Usilime wala kuchunga ndani ya mitaro ya zamani ya askari.

Usipige picha za kambi, za askari ao za ndege, na usizitume kwenye simu. Upande wowote unaweza kukuita mpelelezi.

Mukisikia masasi usiku, laleni chini, mbali na madirisha. Musikimbie gizani kufuata barabara kubwa, sababu njo hiyo majeshi yanapigania.