Jiwe la Torbanehill na mwani uliosahauliwa

Oktoba 2025 ilitimia miaka 175 tangu James Young, mkemia wa Scotland, apewe hataza ya kupata mafuta ya parafini kutoka kwenye makaa ya mawe. Sifa zimebaki kwake, hata akaitwa “Paraffin Young”. Aliyeyatengeneza mafuta hayo hatajwi: Botryococcus, mwani wa kijani wa maji baridi ambao seli zake huishi kwa makundi, zimeshikana kwa ute uliojaa mafuta. Mjerumani Kützing aliupa jina mwaka 1849.

Malighafi ya Young ilikuwa jiwe la Torbanehill, karibu na Bathgate. Gillespie, mwenye ardhi, alikuwa amewakodishia akina Russel haki ya kuchimba makaa ya mawe, chuma, chokaa na udongo wa tanuri. Jiwe lilipoonekana kutoa gesi na mafuta kwa wingi wa ajabu, akang’aka kwamba hilo si makaa, kwa hiyo halimo katika mkataba, na akataka alipwe.

Kesi ilisikilizwa Edinburgh mwaka 1853. Wakaitwa wanakemia, wanajiolojia na mabingwa wa hadubini. Kipande kilekile cha jiwe, hawa wakaapa hakina alama ya mmea, wale wakaapa mmea wanauona. Ukisoma kumbukumbu za kesi zilizochapishwa, utadhani macho ya kila msomi yalikodishwa pamoja na ulimi wake. Juri ikawapa ushindi akina Russel: ni makaa, tuendelee na biashara. Gillespie akaondoka mikono mitupu.

Mwaka 1936, tena katika jarida la Edinburgh hiyohiyo, watafiti Kathleen Blackburn na B. N. Temperley walionyesha kwamba jiwe hilo ni masalia ya Botryococcus, mwani wa zaidi ya miaka milioni 300. Kwa hiyo aliyeuona mmea alikuwa na lake, na aliyekataa kwamba ni makaa ya kawaida naye alikuwa na lake.

Siku hizi maabara zinaufuga mwani huu zikitafuta mafuta ya magari, lakini hukua taratibu mno, kwa hiyo biashara yake bado haijasimama imara.

Mabaki yake yamo hata katika matope ya Sacred Lake, Mlima Kenya, na watafiti wa Ulaya wameyatumia kusoma hali ya hewa ya kale. Vitabu vya shule vya Afrika Mashariki vingeweza kuutengea ukurasa mmoja. Parafini tumeichoma vya kutosha.