Jukwaa la Boston, Mkutano wa Thabai

Arthur Dimmesdale, mchungaji katika riwaya ya Nathaniel Hawthorne, The Scarlet Letter (1850), anajaribu kutubu mimbarini na kila mara anashindwa. Anajiita mwovu kuliko waovu wote, lakini hataji kosa lenyewe, nao waumini wanazidi kumheshimu. Mugo, katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967), yumo katika mtego uleule. Alimsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni, kwa ofisa wa kikoloni, na Kihika akanyongwa. Baadaye Mugo mwenyewe aliteswa kizuizini, na wanakijiji wa Thabai wakauchukua ukimya wake kuwa ushujaa. Sasa wanamtaka awe msemaji mkuu siku ya Uhuru, Desemba 1963. Wote wawili wanaadhibiwa na sifa.

Kufanana kunaishia karibu hapo. Kwa Wapuritani wa karne ya 17, jamii ya Dimmesdale, kanisa lilikuwa watu waliofungwa kwa agano na Mungu, na dhambi ya mmoja iliwahusu wote. Kukiri mbele ya kusanyiko ndiko kulikokuwa mlango wa kurudi kundini. Januari 1697 Samuel Sewall, mmoja wa majaji wa kesi za uchawi za Salem, alisimama kanisani Boston huku mchungaji akiwasomea watu toba yake. Hilo lilitaka ujasiri, na ni haki tuuheshimu utamaduni uliomtaka jaji ainamishe kichwa. Hawthorne aliujua upande wake mwingine pia: babu wa ukoo wake, John Hathorne, aliketi katika mahakama hizohizo.

Msomaji aliyelelewa katika Uislamu, kama wengi wa pwani yetu, atautazama ukiri huo wa hadharani kwa mashaka. Kwake dhambi iliyositiriwa na Mungu haitangazwi. Mja hutubu kwa Mola wake, huacha kosa, hujuta, huazimia kutolirudia. Lakini iwapo kuna haki ya mtu iliyodhulumiwa, majuto pekee hayatoshi. Ni lazima haki irudi kwa mwenyewe.

Ukizisoma riwaya hizi kwa kigezo hicho, mambo yanajipanga upya. Mwenye kumdai Dimmesdale ni Hester Prynne, mwanamke aliyezaa naye nje ya ndoa, aliyesimamishwa jukwaani Boston na mtoto kifuani, akavaa herufi nyekundu ya aibu peke yake kwa miaka saba, akikataa kumtaja baba wa mtoto. Akashona, akauguza wagonjwa, mpaka wenye kumhukumu wakaanza kuisoma ile herufi kwa heshima. Msamaha wake, kama tunaweza kuuita hivyo, ulipatikana kwa kazi bila tangazo lolote. Mchungaji anapopanda jukwaani hatimaye, anamkubali binti yake Pearl mbele ya watu, na hilo si dogo; lakini maneno yake yanaelekea mbinguni, kisha anakufa, na Hester anabaki na maisha ya kuishi. Tena baadhi ya walioshuhudia wanashikilia kwamba hakukiri chochote, alitoa mfano tu.

Thabai hakuna awezaye kusema hivyo. Mugo anamweleza kwanza Mumbi, dada wa Kihika, kisha anasimama mkutanoni na kulitaja tendo waziwazi, mama yake Kihika akisikia. Tena anakiri wakati ambapo wapiganaji walikuwa wamejiandaa kumtwisha kosa hilo mwanakijiji mwingine, Karanja, kwa hiyo ukweli wake unamwokoa mtu mwingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo Ngũgĩ anapomzidi Hawthorne: toba ya Mugo inalipa kitu.

Malipo hayo hayamwokoi. Watu wanainamisha vichwa na kumpisha apite. Baadaye wapiganaji wanakuja kumchukua akahukumiwe. Naye Wambui, bibi mzee aliyeshiriki kumhukumu, anabaki akijiuliza kama walipaswa kumhukumu kabisa.