Kiini cha Linux katika Simu Kuukuu

Mjini Rongo, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori, kila simu ya Android iliyo mkononi mwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo tayari imebeba Linux ndani yake. Kwa hiyo yule asemaye kwamba ataka kuendesha Linux katika simu ya zamani yenye kibodi, sharti kwanza abainishe ni kitu gani hasa akikusudiacho.

Linux, kwa maana yake mahsusi, si mfumo endeshi mzima, bali ni ile programu ikaayo baina ya vyuma na programu nyingine zote, aliyoitangaza Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, igawayo kumbukumbu, ipangayo zamu za prosesa, na itoayo idhini kwa kila programu itakayo kugusa kioo au kibodi. Maneno ya Kiswahili ya mambo yaonekanayo kwenye kioo yalikwisha kushughulikiwa zamani, kama katika programu za ofisi za Jambo OpenOffice za mwaka 2004, matunda ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini programu hiyo ikaayo baina imejificha, nayo yastahili kuitwa kiini. Yamkini mtu angependelea neno kokwa. Mimi siafiki, maana kokwa hutupwa tunda likiisha kuliwa, ilhali kiini cha mti ndicho kidumucho gome na sehemu laini zikiisha kuoza.

Udumifu huo wadhihirika katika Nokia N900 ya mwaka 2009, ambayo kibodi yake hufichuka kioo kikisukumwa, yenye prosesa ya megahezi 600 na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu. Kampuni ilipouacha mfumo wake wa Maemo, msimbo wa kiini ulikuwa wazi, na wajuzi wakaendelea kutia katika kiini asilia cha Linux programu za kuongozea vifaa vya simu hiyo, hata leo mfumo wa Maemo Leste, na kadhalika ule wa postmarketOS ulioanza mwaka 2017, huipa kiini kipya. Katika simu nyingi za Android kiini ni hicho hicho kwa asili, lakini aghalabu mtengenezaji hukitia viraka vyake, kisha hukiacha, na mwenye simu hana mamlaka ya kukibadili. Dhuluma hii ndiyo izizeeshayo simu ambazo vyuma vyake bado ni vizima.

Hata hivyo, mintarafu ya modemu, yaani kifaa kiunganishacho simu na mtandao wa simu, ijulikane kwamba ina programu yake ya pekee, iliyofungwa, isiyo sehemu ya kiini. Hivyo simu yaweza kupata kiini kipya kabisa, ikafanya kazi zote za kompyuta ndogo kwa Wi-Fi, na bado ikashindwa kumpigia mtu.