Mji Usiotarajia Wazee

Kutoka mlango wetu hadi kwa geti kuna vidato 46. Nilivihesabu mara ya kwanza siku tuliyomtoa Mzee hospitalini baada ya kiharusi, mwaka juzi. Vijana wawili wa bodaboda na askari wa geti walimbeba kwenye kiti cha plastiki, mimi nikifuata nyuma na mfuko wa dawa. Miaka 19 nimepanda ngazi hizo na magunia ya viazi na mitungi ya maji, na sikuwahi kujua ni ngapi.

Wiki hiyo watoto walifungua kikundi cha WhatsApp. Ujumbe wa nne uliandikwa na kitinda mimba wangu: "Si warudi tu ocha? Hewa safi, hakuna stairs." Huyu ameenda ocha mara tano maishani, na mara tatu zilikuwa mazishi. Sikukasirika. Nilichoka tu, maana nilifundisha Historia miaka 31 na hoja hiyo naijua inakotoka. Ni hoja ya serikali ya mkoloni. Mtoto wangu ameirithi bila kujua, kama wengi wenu.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Kwa miaka mingi waliopanga mji walimhitaji Mwafrika kama nguvu ya kazi, si kama mkazi. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutumika: kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, wengi wakiining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Asiye na kazi mjini alihesabiwa mzururaji na angeweza kurudishwa rizavu. Nyumba nyingi zilikuwa vyumba vya wanaume watupu, kitanda kando ya kitanda. Mshahara nao ulipigwa hesabu ya mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Ilibidi kamati ya serikali, ile ya Carpenter, iseme mwaka 1954 kwamba mshahara wa namna hiyo hauwezi kumfanya mtu atulie mjini na jamaa yake.

Sasa jiulize: huyu mtu akizeeka, je? Akipata presha, akipofuka, mgongo ukikataa? Jibu lilikuwa moja. Anarudi kwao. Na huko kwao nani anamngoja? Mwanamke. Mwajiri alichukua miaka mizuri ya mwili wa mtu. Miaka ya kumlea kabla ya hapo na miaka ya kumuuguza baada ya hapo ilibebwa na mke, mama na mabinti huko mashambani, bila malipo, na hakuna daftari lililoandika. Wakubwa waliita jambo hili desturi ya Waafrika kuwatunza wazee wao. Desturi ilikuwepo, sikatai. Lakini iligeuzwa kuwa mfuko wa pensheni ambao mwajiri hakuuchangia.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa reli, akikaa landhi za Muthurwa. Alistaafu 1968, akarudi Maragoli kwa mke ambaye kwa miaka thelathini alimwona Desemba na kwenye matanga. Alirudi na kifua kibovu. Mavyaa alimwosha, alimlisha, alimfukizia majani ya mkaratusi, miaka 11. Na hakuwa peke yake: kulikuwa na wakaza wana wanne kwenye boma lile, mimi nikiwa wa mwisho, na kila likizo ya shule nilienda kupokea zamu. Hapo ndipo nilipojifunza kumgeuza mgonjwa kwa shuka bila kuumiza kiuno changu. Sikujua nilikuwa nasomea kazi.

Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, 1954, mwaka wa Operesheni Anvil. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nayo ilikuwa tofauti kwa sababu ilijengewa familia: nyumba za matofali, nyasi katikati, ukumbi wa mikutano. Hata hivyo nikikumbuka utoto wangu pale, sioni mzee mwenye fimbo. Walikuwepo baba za watu, wenye sauti na mishipi. Lakini mtu akifika umri fulani alitoweka. Tulijua amestaafu tulipoona godoro juu ya basi.

Uhuru ulikuja na ahadi, na zilikuwa ahadi za kweli, msitucheke. Mwaka 1965 ada ya kutibiwa bila kulazwa iliondolewa kwenye hospitali za serikali, na mwaka huo huo NSSF ikaanzishwa. 1966 ikaja NHIF. Mwaka huo wa 1965 pia ndio wa Sessional Paper Namba 10, waraka wa Ujamaa wa Kiafrika, uliosifu moyo wa familia ya Kiafrika ya kusaidiana na kutaka taifa zima liwe hivyo. Nilikuwa nikiwafundisha watoto waraka huo kwa fahari. Nilipousoma tena juzi nikimngoja Mzee kwa fizio, niliona familia imesifiwa sana, lakini wa kumgeuza mgonjwa kitandani ni yuleyule. NSSF ilipotoa pesa, ilizitoa kwa mkupuo mmoja, si kila mwezi. Mkupuo ni pesa ya mabati, ng'ombe na kurudi ocha.

Huko Marekani waliozaliwa kati ya 1946 na 1964 wanaitwa kizazi cha "baby boom". Sisi wa miaka hiyo hatukuwa na jina, lakini tulijua kuzaa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane hivi. Mimi na watano wangu nilihurumiwa. Utafiti wa serikali wa 2022 unasema sasa ni 3.4. Nawaelewa, kodi na school fees nazijua. Nasema tu kwamba wale wakaza wana wanne wa boma la mavyaa hawapo tena popote.

Halafu zikaja zile miaka. Desemba 1989 hospitali za serikali zikaanza kudai "cost-sharing". Mwaka uliofuata zikalegeza, 1992 zikarudia. 1993 ukaja mpango wa kustaafu mapema kwa hiari serikalini, na Mzee, akiwa na miaka 42, akachukua hela akanunua matatu. Matatu iliishi miaka miwili. Kufikia hapo mshahara wangu wa ualimu ndio uliokuwa nyumba.

Na kulikuwa na ule ugonjwa ambao hatukuutaja jina. Ukimwi ulitangazwa janga la kitaifa mwaka 1999. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemzika dada yangu mdogo. Alilala sebuleni kwangu miezi saba. Majirani walileta chakula wakakiacha mlangoni. Kizazi chetu kiliuguza wadogo zetu, kisha kikalea watoto wao. Wawili kati ya wale ninaowaita watoto wangu ni wa dada. Ndiyo maana vijana wakiniambia, "Mathe, hujui kazi ya kea, tutafute mtu," huwa nanyamaza tu.

Mtu tulimtafuta hata hivyo. Anakuja saa mbili asubuhi, anaondoka saa kumi jioni. Ni mwanamke wa miaka arobaini, mpole, ana mikono mizuri. Namlipa kwa pensheni yangu na michango ya watoto, ambayo hufika kwa M-Pesa kati ya tarehe mbili na tarehe kumi na mbili, kutegemea nani ameamkaje. Siku moja nilimwuliza nani anamtunza mama yake, ambaye naye ni mgonjwa, huko Kitui. Akasema, "Msichana wangu. Aliacha shule form two." Nilishika sufuria nikaendelea kuosha. Sikuwa na la kusema, maana ni mimi ninayemlipa ili asiwe kule.

Maisha ya kila siku ni hivi. Kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda. Uji usiwe mwepesi, maji yanampalia. Daipa za watu wazima zinamaliza pesa kuliko kodi ya maji na stima zikijumlishwa. Zile 2,000 za kila mwezi za wazee wa miaka 70 na zaidi hatuzipati, kwa kuwa nina pensheni. Wanaozipata nao najua zinaishia wapi. Mwaka 2024 NHIF ikafa, ikaja SHA, nikapanga foleni tena na vitambulisho viwili. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Nakipenda kifungu hicho. Ni mara ya kwanza serikali kutajwa pamoja na sisi wanawake.

Mzee amebaki na neno moja: "basi." Chai ikimtosha, basi. Akitaka kugeuzwa, basi. Akinikasirikia, basi, na macho yake najua yanamaanisha nini kwa sababu nimeyasoma miaka 47. Usiku mmoja nilimpigia kelele. Alikuwa amemwaga uji mara ya tatu. Akanitazama akasema "basi" polepole kama mtu anayebembeleza mtoto, na nikakaa chini pale sakafuni.

Kwa hiyo niliwajibu watoto kwenye kikundi. Niliandika kwamba lile boma lina nyumba mbili zenye kufuli, shemeji zangu wako Nakuru na Mombasa, mavyaa amezikwa kando ya mgomba, na shamba limekatwa hadi limebaki la sukuma wiki. Nikauliza nani atakayemgeuza baba yenu saa nane usiku, ng'ombe? Nikaongeza kwamba tumelipa kodi ya mji huu tangu tukiwa vijana na hatuendi popote. Natafuta nyumba ya chini. Kimya siku mbili. Halafu kitinda mimba akatuma emoji ya kulia, na Jumapili akaja na marafiki watatu.

Walimshusha kwa zamu. Tulimweka kando ya geti, karibu na mama mboga, jua la saa nne likimwangukia magotini. Watu walipita wakimsalimia, shikamoo kwa shikamoo, wengine wakishangaa kwamba pale juu kunaishi mzee. Saa saba akasema "basi." Wakaanza kumpandisha. Kwenye kidato cha 23 walimtua, wakashika ukuta wakihema, na kitinda mimba akanitazama kutoka juu akaniuliza, "Mathe, hii huwa unafanyanga na nani?"