Maziwa, Sukari na Bibi Harusi



Harusi ikikaribia, nyumba hujaa maneno. Huyu anasema bibi harusi anyweshwe maziwa apate nguvu na ngozi, yule anakataza, eti maziwa yanaleta sukari. Tumeyasikia haya mara nyingi, tukaona tuirejee historia yake.

Sisi Waislamu maziwa tumeyapokea kwa heshima. Sura An-Nahl inayataja katika neema za Mola, na usiku wa Israa Mtume (s.a.w.) alipoletewa mvinyo na maziwa, alichagua maziwa.

Ugonjwa nao ni wa zamani. Matabibu wa Bara Hindi waliona sisimizi wakiufuata mkojo wa wagonjwa, wakauita mkojo wa asali. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, naye aliuandika utamu huo. Mwaka 1936 daktari Muingereza, Harold Himsworth, akaonyesha kuwa wapo wagonjwa ambao miili yao haiitikii insulini vizuri. Huo ndio msingi wa tunachokiita leo kisukari cha aina ya pili.

Swali la maziwa lilijibiwa kwa msaada mkubwa wa wanawake. Mwaka 1976 wauguzi wa kike zaidi ya 120,000 wa Marekani walianza kujibu maswali ya afya zao, na kuanzia 1980 wakaulizwa pia wanakula nini. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard walijumlisha majibu ya wengi wao na ya makundi mengine mawili, jumla watu kama 194,000. Maziwa kwa ujumla hayakuonekana kuongeza kisukari wala kukipunguza. Waliozoea mtindi ndio waliougua kwa uchache zaidi. Hata hivyo mtindi si dawa, maana huenda watu hao walikuwa na mazoea mengine mema. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mtindi uandikwe kuwa angalau vikombe 2 kwa wiki huenda vikapunguza hatari, ila isemwe wazi kuwa ushahidi ni mdogo.

Basi tuangalie kijiko. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa ni bora sukari tunayotia isizidi kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Glasi ya mtindi vijiko 3, kikombe cha chai ya maziwa vijiko 3, hesabu imekwisha, na halua bado haijaletwa.

Bibi harusi, hili linakuhusu, kwani baada ya harusi huenda ikaja mimba. Anayepata kisukari cha ujauzito huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata aina ya pili baadaye. Kama mama au dada yako anacho, kapime mapema.

Na wewe somo, ukimtayarishia mwari wako mtindi, mpe bila sukari, umkumbushe dua ya maziwa aliyotufundisha Mtume (s.a.w.), ya kuomba baraka ndani yake.