Walimu wa Vijiji katika Nchi ya Ugogo

Habari za misheni katika Ugogo kwa desturi huanza Mpwapwa, na majina ya Wazungu wa C.M.S. waliofika huko mwaka 1876, wakarudi kukaa mwaka 1878. Si vibaya kuanza hapo. Lakini atakaye kujua jinsi walivyopatikana viongozi wa utumishi katika nchi hii, hana budi kumtafuta mtu mwingine ambaye vitabu havimtaji sana, naye ni mwalimu wa kijiji.

Njia yake ilikuwa hivi. Kijana alijifunza kusoma, akapimwa kwa kuwafundisha wadogo zake, kisha akapelekwa mahali pasipo na shule. Huko hakukuta jengo lililo tayari. Ilimpasa kwanza kupatana na wazee, ndipo watu wakate miti na kukandika udongo. Mshahara wake ulikuwa mdogo, basi alilima mtama na uwele kama jirani zake. Aliwaandikia watu barua, alikaa na wagonjwa, alizika wafu. Mvua ya nchi hii yapata milimita 550 tu kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache. Kwa hiyo wanafunzi walikuja na kutoweka kwa kufuata jembe na ng'ombe, na mwalimu asiyekubali jambo hilo hakudumu.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1914. Wadachi waliwakamata wamisionari wa Kiingereza, wakawazuia kwanza Kiboriani, karibu na Mpwapwa, na baadaye Tabora. Walimu wenyeji nao walishukiwa kuwa ni wapelelezi wa adui. Wengi wakafungwa na kuteswa. Hata Wabelgiji walipoingia Tabora, Septemba 1916, wafungwa wakafunguliwa, lakini raha haikuja. Majeshi yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wenye nguvu walikuwa wamepelekwa upagazi. Mvua nazo zikakosa. Ikawa njaa ile ya 1917 hata 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya. Inakadiriwa ya kuwa katika watu 150,000 wa wilaya ya Dodoma, 30,000 walikufa. Katika miaka ile hapakuwa na fedha kutoka ng'ambo, wala bwana wa kutoa amri. Mahali palipobaki shule au sala, zilibaki kwa sababu mwenyeji mmoja alizishika. Nadhani uongozi wa wenyeji ulizaliwa hapo, wala si katika chuo wala katika mkutano wowote.

Mmoja wa watu wa kizazi kile ni Andrea Mwaka, aliyekuwa miongoni mwa Wagogo wa kwanza kupewa ukasisi, akafanywa kanoni. Shule iliyoko mjini Dodoma inaitwa kwa jina lake. Watoto wengi walitamka jina hilo kila siku bila kuambiwa alikuwa nani.

Dayosisi ya Tanganyika ya Kati iliundwa mwaka 1927, na George Chambers, aliyetoka Australia, akawa askofu wake wa kwanza. Wakati uo huo serikali ya Waingereza ilikuwa imeanza kuzisaidia kwa fedha shule za misheni zilizofikia kipimo chake. Msaada huo ulikuwa mwema, lakini ulizaa shida: mwalimu mwenye cheti alipanda, na yule mzee wa shule ndogo, aliyeshinda Mtunya, hakuhesabiwa. Wengine waliacha kazi, wakawa makarani au wakaenda reli. Si haki kuwalaumu, maana kodi haikulipwa kwa sifa njema. Tena mwaka 1947 ukaja Kongwa mradi mkubwa wa karanga, wenye matrekta na mishahara, nao ukawavuta vijana wengi. Mvua haikuwajali wenye mradi, na ardhi ilikuwa ngumu kama tofali; mwaka 1951 serikali ikauacha. Mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea.

Ndipo tarehe 15 Mei 1955, katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alimweka Yohana Omari kuwa askofu, pamoja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Daniel Deng Atong wa Sudan. Omari alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kuwa askofu katika Anglikana. Furaha ilikuwa kubwa, lakini alikuwa askofu msaidizi, akafa mwaka 1963 bado yu msaidizi. Dayosisi yenyewe haikupata askofu mwenyeji mpaka Yohana Madinda, mwaka 1971, yaani miaka 93 tangu misheni ilipokaa Mpwapwa. Muda huo ni mrefu mno. Watu walioachiwa kazi yote wakati wa vita na njaa hawakuhitaji nusu karne nyingine ya kupimwa.

Godfrey Mhogolo aliishika dayosisi tangu 1989 mpaka alipofariki mwaka 2014. Katika siku zake ugonjwa wa UKIMWI uliacha yatima wengi. Kwa ushirika na dayosisi ya New York ikaanzishwa kazi ya kuwapa watoto hao sare, viatu na chakula cha asubuhi ili wasiache shule. Fedha zilivuka bahari. Watoto walichaguliwa na watu wa parishi zenyewe, huko huko vijijini.