Harusi Machakos: mgeni wa pwani afanye nini siku mbili

Mwaka jana tulipanda Machakos na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao kwa mila ya Wakamba ndio wanaofungua mlango wa ndoa. Mpwa wangu alikuwa amepata mchumba, binti waliyesoma pamoja Chuo Kikuu cha Machakos. Tulifika adhuhuri, tukazungumza na wazee, na alasiri tukaaga. Chakula chetu tulikuwa nacho garini, biriani ndani ya hotipoti, maana hatukujua ugenini tutalishwa nini. Tulipozifungua nje ya lango, mjomba wa binti akatufuata, akatwambia kwa upole kwamba nyama iliyokuwa jikoni imechinjwa na Mwislamu waliyemtafuta tangu alfajiri. Sijausahau uso wa mama yake bi harusi.

Harusi ni mwezi ujao, na safari hii twakaa siku mbili. Haya niliyowaandikia jamaa zangu yatakufaa na wewe msomaji ukialikwa huko.

Kufika

Machakos si Nairobi. Ukipanda basi Mombasa, mwambie kondakta akushushe Kyumbi, kwenye makutano ya kuingia Machakos. Hapo matatu za kukufikisha mjini zipo. Ukisema "Machakos" tu, huenda ukapelekwa hadi stendi ya Machakos Country Bus, na hiyo iko Nairobi, kiasi cha kilomita 60 kutoka harusini. Wa treni wachukue ile ya asubuhi inayosimama njiani, washuke Athi River. Safiri mchana, barabara hii ina malori mengi usiku. Na beba sweta. Mji uko juu, karibu mita 1,600, na Juni na Julai baridi yake si ya kufanyia mzaha.

Asubuhi ya kwanza: mji wenyewe

Jina la mji latokana na Masaku, mzee wa Kikamba aliyekuwa na makao yake hapa. Wazungu walishindwa kulitamka. Mwaka 1889 kampuni ya Waingereza, IBEA, iliweka kituo hapa kwenye njia ya misafara ya kwenda Uganda, na mwaka 1892 John Ainsworth akaja kukisimamia. Nairobi haikuwapo bado. Reli ilipopita mbali na Machakos, makao ya utawala wa mkoa yakahamishiwa Nairobi mwaka 1899, na Machakos ikabaki mji wa soko, shule na vyuo. Chuo Kikuu cha Machakos kilipata hati yake mwaka 2016. Scott, chuo cha theolojia cha kanisa la AIC, kipo tangu 1962.

Kumbuka pia kwamba watu wetu walipita hapa wakiwa wapagazi na askari wa misafara. Kabla yao, Mkamba Kivoi alikuwa akileta pembe za ndovu Mombasa, na Krapf alifika Ukambani akitokea Rabai mwaka 1849. Kwa hiyo sisi na wakwe zetu hatukuanza kujuana chuoni. Kwa sala, uliza Jamia, iko mjini.

Jioni: bwawa na mlima

Wenye watoto waende People's Park, karibu na bwawa la Maruba, bustani iliyofunguliwa mwaka 2014. Vijana watataka Kyamwilu, kama kilomita 12 kutoka mjini, ambako maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima, na gari lililotolewa gia likirudi juu. Hakuna jini. Ardhi ya pembeni imeinama kwa namna inayodanganya macho, ukadhani mteremko ni mpando. Hata ukishajua hivyo, utacheka.

Njiani tazama vilima vya Iveti. Yale matuta yaliyopangwa kama ngazi ni kazi ya mikono, na nyingi ni ya vikundi vya akina mama. Miaka ya 1930 maafisa wa serikali waliiandika nchi hii kuwa imekwisha kwa mmomonyoko. Wenyeji wakachimba mitaro, udongo wakautupa upande wa juu, na njia hiyo leo wataalamu wa nchi nyingi huiita kwa Kiswahili chetu: fanya juu. Mkwe wako akikuonyesha shamba, usiangalie mahindi tu. Msifie matuta.

Siku ya pili: Wamunyu

Kwenye barabara ya kwenda Kitui kuna Wamunyu, kitovu cha uchongaji wa Wakamba. Mutisya Munge alijifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ujuzi huo nyumbani. Kutoka huko ulifika hadi kwetu, kwa wachongaji wa Akamba Handicraft pale Changamwe. Nunua mwiko au bakuli kwa aliyelichonga.

Mezani na baadaye

Mkubwa akikusalimu "Wakya?", jibu "Aa". Utaletewa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Hayana shaka yoyote kwa Mwislamu, na ukiongeza pilipili utarudia sahani. Kuhusu nyama, uliza mapema kwa simu, kupitia mtu mmoja, tena kwa shukrani. Kuuliza si aibu. Aibu ni kunyamaza kisha ukala garini, kama tulivyofanya sisi.

Usiende mikono mitupu. Halua na tende hazichachi njiani, na mabuyu yatawafurahisha watoto. Wao watakufungia maembe, kama ni msimu, au kiondo cha mkonge. Pokea kwa mikono miwili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi mara ya kwanza hata moja hatukuimaliza. Basi letu litaondoka Mwembe Tayari Ijumaa baada ya alfajiri. Hotipoti zibaki nyumbani.